Homa ya saa tatu: kisa cha fangasi kwenye vali ya moyo

Daftari lenyewe ni la shule, la kurasa 96, jalada la buluu lililoanza kukunjika pembe. Kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula: tarehe, saa, joto, maelezo. Tarehe 4: saa 3.10, joto 38.4, "Mama atetemeka, nimemfunika blanketi mbili." Tarehe 5 hakuna namba, ila maneno mawili pembeni: "bila dripu." Tarehe 6: saa 3.05, joto 38.7. Tarehe 7: saa 2.55, joto 38.9, "meno yagongana." Tarehe 8 tena hamna kitu, tena "bila dripu."

Naanza na daftari kwa sababu kisa chote kilikuwa humo wiki tatu nzima kabla ya hospitali kukiona. Mimi ni nesi wa kitengo cha lishe huku Uingereza, mzaliwa wa pwani ya Kenya, na Kiswahili nimekinyonya kwa mama. Muhtasari wa daftari hilo ulikuwa kwenye kompyuta yangu tangu wiki ya pili. Daftari lenyewe sikulifungua.

Mgonjwa nitamwita Mama Salma, na Salma ni bintiye anayemuuguza. Majina si yao, umri nimeusogeza, na mambo mawili matatu nimeyachota kwa wagonjwa wengine wa aina hiyohiyo ili asijulikane.

Ana miaka 52, mtu wa Mombasa. Utotoni aliugua koo mara nyingi, kisha siku moja magoti na vifundo vikavimba, akakaa kitandani mwezi mzima. Ikasemwa ni baridi, akakandwa, akapona. Ile ilikuwa homa ya baridi yabisi: kinga ya mwili ikipigana na vijidudu vya kooni huishia kuishambulia vali ya moyo, na mgonjwa asipochomwa penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka, vali huzidi kuharibika kila koo linapomrudia. Hakuchomwa hata moja. Miaka 30 na ushei baadaye vali yake ya mitrali, ile iliyo upande wa kushoto kati ya chemba ya juu na ya chini, ilikuwa imefinyaa na inavuja. Chemba ya juu ikatanuka, mapigo yakapoteza mpangilio, na damu iliyotuama humo ikafanya donge. Donge likatoka, likashuka na ateri kuu, likaziba ateri inayolisha utumbo.

Walipomfungua tumbo, karibu utumbo mwembamba wote ulikuwa umekufa. Walibakisha sentimita 60 za jejunamu, sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, wakatoa mdomo wake nje ya tumbo kama stoma. Mtu mwenye jejunamu isiyofika sentimita 100 inayoishia kwenye stoma kwa kawaida hawezi kuishi kwa kula peke yake. Chakula kinapita kabla hakijafyonzwa, na maji ya mwili yanakifuata nje. Tangu hapo Mama Salma analishwa kwa mshipa, usiku 5 kwa wiki, nyumbani kwake. Usiku 2 hupumzika na kujikimu kwa maji ya chumvi na sukari.

Mfuko wake ni wa lita 2.5, mweupe kama tui kwa ajili ya mafuta yaliyomo, pamoja na glukosi, amino asidi, madini na vitamini. Unaletwa na gari lenye friji, unakaa kwenye friji ndogo chumbani iliyonunuliwa kwa kazi hiyo tu. Salma huuunganisha saa 2 usiku, pampu inasukuma kwa saa 12, asubuhi anauondoa. Mchanganyiko huo ni mkali mara 4 au zaidi kuliko damu. Ukiupitisha kwenye mshipa wa mkono, mshipa utawaka na kuziba kwa muda mfupi. Ndiyo maana mrija hupenyezwa chini ya ngozi ya kifua na kupelekwa hadi mshipa mkuu wa juu, unapokaribia kuingia moyoni, mahali panapopita takriban lita 2 za damu kila dakika na kuuzimua ule ukali papo hapo.

Njia hii haina umri mkubwa. Mfaransa Robert Aubaniac alieleza mwaka 1952 namna ya kuchoma mshipa ulio chini ya mtulinga. Huko Philadelphia, miaka ya 1960, Stanley Dudrick na wenzake walilea watoto wa mbwa kwa lishe ya mshipani peke yake, wakakua kama wenzao waliokula kwa mdomo. Mwaka 1973 Broviac na wenzake wa Seattle wakaeleza mrija wa silikoni wenye kifundo cha kitambaa chini ya ngozi: nyama ya mwili huota ndani ya kitambaa, ikaushika mrija na kuvizuia vijidudu vinavyotambaa kutoka nje. Lakini kifundo hakiwezi kitu kwa kijidudu kilichopitia tundu la ndani. Kikipita kwenye kizibo, hakina mlango mwingine wa kubisha hodi mpaka moyoni.

Sasa turudi kwenye zile wiki tatu.

Homa ya kwanza ilichukuliwa kuwa mafua, kulikuwa na baridi na nusu ya mtaa walikuwa wakikohoa. Daktari wa mtaa alimpa paracetamol. Jamaa wa Mombasa walipopigiwa simu hawakuwa na shaka hata kidogo: malaria. Mama Salma hakuwa amefika pwani miaka 3, lakini shangazi wa Kisauni alimpa msafiri mfuko wa mwarobaini hata hivyo, nao ukafika. Wiki ya pili Salma alimpeleka mama hospitali. Walifika saa 4 asubuhi, mfuko umeshaondolewa, homa imeshuka, joto 36.8. Alitolewa damu ya kuotesha maabara ili kuona kama ina vijidudu, chupa moja, mkono mmoja. Baada ya siku 5 haikuota kitu. Moyo ulipigwa eko ya kifuani, picha ya mawimbi ya sauti: vali nene, ngumu, kama ya mwaka jana, hakuna kipya. Dokta kijana aliyempokea alifanya jambo zuri. Aliomba daftari, akasoma namba zake, akaziandika kwenye faili: homa hutokea karibu saa tisa za usiku, katikati ya dripu, haina uhusiano na wakati wa kuunganisha.

Alisoma 3.10 akaona saa tisa na dakika kumi za usiku. Kwa saa yake, alisoma sawasawa.

Mimi nilisoma muhtasari ule na kuuamini. Nilimpigia Mama Salma, akaniambia, "Mwanangu, baridi hii yajua saa." Nikacheka. Nikamwambia aangalie mashine ya kupasha nyumba joto, labda hujizima usiku. Hadi leo maneno yale nayasikia.

Siku ya 22 asubuhi, Salma alikuwa akimvisha mama soksi akahisi mguu wa kushoto uko baridi kama samaki wa kwenye barafu, umepauka, vidole havisikii. Ambulensi ikaja. Ateri ya pajani ilikuwa imeziba.

Hapa ndipo kisa kilipokaribia kupotea kabisa, maana kila mtu alikuwa na jibu mfukoni. Mgonjwa ana vali ya baridi yabisi, mapigo hayana mpangilio, donge lilishamtoka likaua utumbo, na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, siku hiyo kilikuwa 1.4 wakati kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa mtu mwenye utumbo wa sentimita 60 haitabiriki. Leo inafyonzwa, kesho inatoka na maji ya stoma, na vitamini K iliyomo kwenye mafuta ya mfuko inaivuta upande wa pili. Nani angehitaji maelezo mengine? Mimi pia niliposikia nilisema, donge limerudi.

Aliyeharibu hadithi hiyo nzuri ni daktari wa upasuaji wa mishipa. Alipovuta donge kwa kibofu cha mpira, hakupata kitu chekundu kilichoiva kama alivyozoea. Lilikuwa la kijivu cheupe, laini, linalokatika kama jibini. Akaligawa mara mbili: kipande kwenye fomalini kwa ajili ya darubini, na kipande kwenye chupa safi isiyo na dawa kwa ajili ya kuotesha. Huu mgawo wa dakika moja unastahili kuandikwa kwa wino mzito. Fomalini inaua kila kitu, na donge lote likishatumbukizwa humo, maabara itakuonyesha maiti za vijidudu bila kukwambia ni wa ukoo gani wala wanauawa na dawa ipi.

Jioni ileile nilikwenda wodini. Salma alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, macho mekundu, akanipa daftari kama mtu anayetoa ushahidi. "Dada, wao wasoma lakini hawanisikii." Nikafungua. Saa 3.10. Saa 3.05. Saa 2.55. Mistari mitatu ilinitosha. Alikuwa ameandika kwa saa za nyumbani ili mama aweze kusoma. Saa 3 yake ni saa 3 ya usiku, ile ambayo saa ya ukutani wodini inaonyesha 9. Dripu saa 2, kutetemeka saa 3. Usiku usio na dripu hakuna kutetemeka. Hakuna hata mstari mmoja uliokwenda kinyume.

Homa inayokuja ndani ya dakika 30 hadi saa chache baada ya kufungua dripu kwenye mrija wa kudumu, na ikashuka dripu ikisimama, ni ya mrija hadi mwingine athibitishe vinginevyo. Ndani ya mrija vijidudu hujijengea utando na kukaa humo kwa utulivu. Ukisukuma maji ya kusafisha na kuanzisha mfuko, vipande vya utando vinabanduka na kumwagwa kwenye damu kwa mkupuo, na mwili unajibu kwa kutetemeka. Asubuhi mrija umefungwa, hakuna kinachomwagwa, na daktari anayemwona mgonjwa saa 4 anakuta mtu mzima wa afya anayelalamika. Chupa ile moja ya wiki ya pili ilichukuliwa saa ambayo adui alikuwa amelala.

Tulichukua damu kabla ya kuunganisha chochote: chupa kutoka kwenye mrija na chupa kutoka mkononi, kwa wakati mmoja, ujazo ule ule. Mfuko wa usiku ule haukuunganishwa, ulipelekwa maabara nao. Kengele ya mashine ya kuotesha ililia kwa chupa ya mrija baada ya saa 19, ya mkono baada ya saa 27. Tofauti ya saa 2 tu huhesabiwa kuwa alama ya kwamba chanzo ni mrija, na sisi tulikuwa na 8. Kwenye kioo kulikuwa na chembe za umbo la yai zenye vichipukizi ubavuni. Fangasi. Kesho yake mchana donge la mguuni likatoa chembe zilezile, na baadaye jina likaja: Candida parapsilosis. Mfuko wa lishe haukuotesha kitu.

Eko ya kifuani ilirudiwa na kwa mara nyingine haikuonyesha jambo la kusimamia. Kwa vali isiyo ya bandia, eko ya kifuani hukamata karibu wagonjwa 70 katika 100 wenye uvimbe wa uambukizo, na vali iliyojaa makovu na chokaa huificha picha zaidi. Eko ya kumeza, ile inayopitishwa kwenye umio hadi nyuma ya moyo, hukamata zaidi ya 90. Yetu ilionyesha kinundu cha milimita 17 kinachobembea juu ya jani la mbele la vali ya mitrali, na shina lake jembamba mno. Vinundu vya fangasi huwa vikubwa kuliko vya bakteria, ndiyo sababu vikikatika huziba mishipa minene kama ya paja. Kingekwenda juu, tungekuwa tunazungumza kiharusi.

Msomaji makini atauliza: mrija uko upande wa kulia wa moyo, ilikuwaje vali ya kushoto ikaumwa? Kwa mtu mwenye vali nzima, uambukizo wa mrija hupenda vali ya kulia, hasa ncha ya mrija ikiwa imeingia ndani mno na kukwaruza ukuta wa moyo kila pigo. Vipande vikikatika vinakwenda mapafuni, mgonjwa anakohoa, kifua kinamchoma, picha ya X-ray inaonyesha mabaka huku na huku, na anatibiwa nimonia mara mbili tatu kabla ya mtu kuukumbuka moyo. Mara nyingi hata ile sauti ya ziada ya moyo haisikiki. Kwa Mama Salma, chembe za fangasi, zenye upana wa mikroni chache tu, zilipenya kapilari za mapafu, zikafika kushoto, na huko zikakuta ukuta uliokwaruzika tangu utotoni. Damu inapopita kwa msukosuko kwenye vali yenye kovu, hubakiza utando mwembamba wa chembe sahani na nyuzi za kugandisha. Hapo ndipo pa kunata. Vali ileile iliyotuma donge likaua utumbo ndiyo ilipokea wageni walioingia kwa sababu utumbo umekufa.

Na kwa nini fangasi huyu? C. parapsilosis huishi kwenye ngozi na chini ya kucha za watu wazima wa afya. Hupenda plastiki na hupenda sukari, na ndani ya mrija wa lishe anavipata vyote. Juu ya hayo, miezi 2 nyuma Mama Salma alipata uambukizo mwingine wa mrija, wa bakteria wapole wa ngozini, akatibiwa kwa vankomisini na mrija ukanusurika. Kila dozi ya antibiotiki hufukuza bakteria na kumwachia fangasi uwanja. Uamuzi wa kuunusuru mrija wakati ule siulaumu, kwa bakteria wa aina ile unaruhusiwa, na mishipa ya kupitishia mrija si mingi kama watu wanavyodhani. Kila mrija unaotolewa huweza kuacha mshipa umeziba, na anayeishi kwa lishe hii anaihesabu mishipa yake kama msafiri wa jangwani anavyohesabu viriba. Ila sikumbuki mtu yeyote, mimi nikiwemo, aliyesema kwenye kikao kile: jamani, huyu ana vali ya baridi yabisi. Tulimjadili kama mrija wenye jina.

Ukubwa wa hatari upimwe kwa hesabu. Tafiti za wagonjwa wa lishe ya nyumbani zimetoa uambukizo wa damu kati ya 0.38 na 4.58 kwa kila siku 1,000 za kuwa na mrija. Chukua 1 kwa urahisi: ni kama mara moja kila miaka 3, kwa mtu atakayebeba mrija huo maisha. Wengi wao moyo hauguswi. Lakini mwenye kovu kwenye vali, vali ya bandia au betri ya moyo hayumo kwenye wastani huo, na kwake damu ikiota fangasi au bakteria mkali aitwaye Staphylococcus aureus, eko ya kumeza haifai kusubiri dalili ya pili.

Mrija ulitolewa siku ileile fangasi alipoonekana. Kwa fangasi na kwa S. aureus hakuna mjadala wa kuunusuru. Ubishi ulihamia kwenye swali la kumweka hai bila mrija. Stoma yake ilikuwa ikitoa karibu lita 4 kwa siku, kila lita na takriban milimoli 100 za sodiamu. Mwenye utumbo wa namna hii akinywa maji matupu anazidi kukauka, kwani maji yanaivuta chumvi ya mwili kuingia utumboni na kutoka nayo. Kila mgeni aliyekuja na juisi au chai ilibidi nimzuie, na si rahisi kumnyima mwanamke wa Mombasa chai mbele ya wageni. Tulimpa mchanganyiko wa lita 1 ya maji, gramu 20 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za sodiamu baikaboneti, anywe kwa funda dogo dogo, pamoja na dripu za chumvi mkononi zilizohamishwa kila mshipa ulipovimba. Akasema ladha yake ni bahari iliyotiwa sukari.

Dawa ya fangasi ilianzishwa, amfoterisini iliyofungwa ndani ya mafuta. Dawa nyingine mpya za fangasi huwa na nguvu pungufu kwa parapsilosis kuliko kwa ndugu zake, na kwenye vali hutaki kubahatisha. Amfoterisini humwaga potasiamu na magnesiamu kupitia figo, na stoma ilikuwa ikiyamwaga upande wake. Wiki ile tulikuwa tukifukuza magnesiamu asubuhi na jioni. Daktari wa macho alimpima, kwa sababu fangasi wa damuni hupenda kutua nyuma ya jicho, akamkuta salama.

Fangasi kwenye vali haponi kwa dawa peke yake, au anapona kwa nadra sana. Upasuaji ulifanyika siku ya 6 tangu alazwe. Kabla yake kulikuwa na mazungumzo ambayo hayamo kwenye mwongozo wowote niliousoma. Vali ya chuma inadumu, lakini inadai warfarini isiyotetereka, na ya kwake hutetereka kila wiki. Ikabaki vali ya mnyama. Mama Salma akauliza kwa upole, mnyama gani? Zipo za nguruwe na zipo zinazoshonwa kwa ngozi inayofunika moyo wa ng'ombe. Nilimtafsiria daktari swali na uzito wake. Akasema ya ng'ombe anayo na ni nzuri vilevile. Mama akasema bismillah, leteni karatasi nitie sahihi. Kupasuliwa alikuwa radhi nako, nguruwe hakuwa radhi naye, ijapokuwa Salma alishamwambia kwamba wapo mashehe wanaoruhusu penye dharura.

Damu ilipokaa safi siku 3 mfululizo aliwekewa mrija mpya, upande mwingine wa kifua. Amfoterisini iliendelea wiki 6 baada ya upasuaji.

Vijidudu viliingilia wapi? Njia mbili zinawezekana na sijaweka mojawapo juu ya nyingine. Mwezi mmoja kabla ya homa alilazwa siku 4 kwa kuishiwa maji, kwenye wodi isiyozoea wagonjwa wa lishe. Mrija ulitumika kutolea damu, kupitishia dawa ya kichefuchefu, na hata kuachwa bila kizibo kipya. Mrija wa lishe ni wa lishe tu. Kila mkono unaoufungua kwa jambo lingine ni mlango mwingine. Njia ya pili ni kucha za kubandika alizovaa Salma kwa harusi ya binamu yake, akakaa nazo siku 10. Alinieleza mwenyewe, akilia. Nilimwambia kwamba yeye ameunganisha mifuko zaidi ya 500 bila kosa, na kwamba daftari lake ndilo lililomwokoa mama. Kucha hizo hajavaa tena.

Tulibadilisha mambo machache. Baada ya kila dripu mrija sasa unajazwa taurolidini, dawa ya kuua vijidudu inayokaa ndani hadi jioni. Kizibo kinasuguliwa kwa klorheksidini yenye spiriti kwa sekunde 15 zisizopunguzwa, kisha kinaachwa kikauke chenyewe. Salma husugua kwa Alhamdu moja ya taratibu, na ukimpima kwa saa anapita 20. Homa yoyote iliyozidi 38 haina daktari wa mtaa, inakuja hospitali na chupa mbili kabla ya antibiotiki. Na daftari limepigwa mistari upya. Safu ya saa imefutwa. Mahali pake pana "dakika tangu dripu," ambayo haina saa ya Mombasa wala ya Uingereza. Mimi naipendekeza kwa kila kitengo chenye wagonjwa wanaohesabu saa kuanzia alfajiri, na si Waswahili peke yao.

Wenzangu wa nyumbani wataniambia lishe ya mshipani ya kudumu, ya kulala nayo kitandani kwako, ni ya nchi tajiri. Ni kweli. Lakini mifuko hiyo hutundikwa kwenye hospitali kubwa za Dar es Salaam na Nairobi kwa siku kadhaa au wiki, kwa watoto njiti na kwa waliopasuliwa utumbo, na vali za baridi yabisi kwetu ni nyingi kuliko hapa. Watu hao wawili hukutana wodini. Swali la kuuliza kabla ya kupitisha mrija ni jepesi: utotoni uliwahi kuvimba viungo baada ya kuumwa koo? Kwa Mama Salma jibu lilikuwepo kwenye faili tangu mwanzo, kwenye kurasa za moyo, na sisi wa lishe tulikuwa tukisoma kurasa za utumbo.

Kinachobaki hakijaisha. Anameza flukonazoli, dawa ya fangasi ya vidonge, kila siku, na kiwango chake kimepimwa kwenye damu kuhakikisha zile sentimita 60 zinaifyonza. Daktari wa moyo anataka aimeze maisha yake yote: ana vali ya bandia iliyoshonwa mahali palipokuwa na fangasi, na mrija mpya unaofunguliwa usiku 5 kwa wiki. Mfamasia hataki. Flukonazoli huzuia ini kuivunja warfarini, na wiki ya pili tu INR iliruka kutoka 2.3 hadi 5.1, fizi zikatoka damu. Ini lenyewe limeshachoshwa na miaka ya mafuta ya mshipani. Dozi ya warfarini imekatwa nusu, INR inapimwa kila wiki, na wamekubaliana kuangalia tena baada ya eko ya kumeza ya mwezi wa tatu. Hadi hapo kidonge kinaendelea. Mama Salma akaniuliza mimi niko upande wa nani. Nikamwambia niko na daktari wa moyo, lakini INR nitaifuatilia mwenyewe.